Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Habari ya Maji Ije Kabla ya Maji

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, vijana wa nyavu na vijana wa jembe, Assalaamu alaykum. Kwa wenzetu wasio Waislamu, nawasalimu kwa heshima ile ile.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa mbele ya mkutano mkuu, na desturi imekuwa kuanza na mafanikio. Mwaka huu naomba mniruhusu niiruke desturi. Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa maji, na nikianza na jambo jingine mtasema nawazunguka. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu. Habari za kitalu cha miche na mashine ya kukoboa zimo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni. Mimi nitashughulika na sera, yaani yale yanayoamuliwa Dodoma na Dar es Salaam, na jinsi yanavyotukuta huku chini ya mto Rufiji, kuanzia mabondeni mpaka kwenye mikoko na visiwani.

Mnanifahamu. Mimi ni mkulima wa mpunga niliyeolewa kwenye nyumba ya wavuvi. Kwangu kilimo, soko, mafuriko na usalama baharini ni mambo yanayokutana kwenye sufuria moja jioni. Serikalini kila jambo lina wizara yake na dirisha lake, na sehemu kubwa ya kazi ya kamati tendaji mwaka huu ilikuwa kutembea kutoka dirisha hadi dirisha.

Mafuriko

Mvua za msimu wa 2023/24 zilikuja na El Nino. Vuli haikutoa nafasi ya ardhi kukauka, na masika ilipoingia ilikuta udongo umeshashiba. Wiki ya kwanza ya Aprili mto ulikuwa umevuka kingo, upande wa Rufiji na upande wa Kibiti. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua zile zimeua watu 155 nchi nzima, zimejeruhi 236, na zimeathiri kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000. Ndani ya hesabu hiyo tumo na sisi.

Naeleza maji yalivyoingia, maana taarifa hii tutaipeleka pia kwa watu ambao hawajawahi kulala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani. Maji ya Rufiji hayaji na kishindo. Usiku unalala mto uko mahali pake, alfajiri unakuta njia ya kwenda shamba haipo, na mchana vichwa vya mpunga vinaanza kupotea kimoja kimoja. Akina mama walivuna wakiwa ndani ya mitumbwi. Mmoja alishika pondo kuuzuia mtumbwi usiende na mkondo, mwenzake akainama, akavuta suke juu ya maji na kulikata kwa kisu. Masuke yalikuwa mabichi, punje ukiibinya inatoa maziwa. Wakayapandisha juu ya madungu yapate jua, jua lisitoke. Mpunga wa namna hiyo ukiupeleka mashineni unatoka chenga na pumba. Huo ndio mpunga ambao watu waliula siku za mwisho za Ramadhani na baada ya Idi, pamoja na chakula cha msaada kilicholetwa, ambacho tunakishukuru.

Sasa lile swali ambalo hakuna kikao nilichokaa mwaka huu lisiulizwe: ni bwawa, au ni mvua?

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa juu yetu kwenye mto huu huu, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Ni bwawa la kuzalisha megawati 2,115, na linabeba maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, wiki chache tu kabla ya mto kufurika. Serikali ilisema mafuriko yameletwa na mvua, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu sehemu ya maji ilizuiwa huko juu. Wapo wanachama wanaosema maji yale yalifunguliwa yakatumwa kwetu. Wengine walikuja nyumbani kwangu wakitaka chama kiende mahakamani.

Msimamo wa kamati ni huu, na wasioukubali watapata nafasi ya kusema mchana huu. Rufiji ilifurika kabla ya bwawa. Wazee waliopo hapa wanayakumbuka mafuriko ya 1968 yaliyozaa Operesheni Rufiji ya kuhamishia watu sehemu za juu, wanayakumbuka ya 1974, na ya miaka ya baadaye hata watoto wanayajua. Mtu akisema kila tone la Aprili lilitoka kwenye bwawa, hasemi kweli. Lakini mtu akisema bwawa halijabadili kitu, naye hasemi kweli. Zamani mto ulijifungulia wenyewe. Leo kuna milango, na kuna mtu anayeamua lini ifunguliwe na kwa kiasi gani. Hatumlaumu kwa kufungua: bwawa lililojaa lazima lipumue. Tunachodai ni kuambiwa mapema.

Na hapa pana hasara ambayo haijaandikwa kwenye tathmini yoyote niliyoonyeshwa. Zaidi ya nusu ya maji ya mto huu hutoka Kilombero. Yanayobaki huletwa zaidi na Luwegu na Ruaha Mkuu. Wakulima wetu wenye ndugu Ifakara walikuwa wanapiga simu: huko maji yamefika wapi? Wakishajua, wanahesabu siku, wanajua lini wahamishe kuku na mbegu, lini wavune hata kama mpunga haujakomaa sawasawa. Hiyo ndiyo ilikuwa mamlaka yetu ya tahadhari, na haikugharimu serikali hata senti. Sasa katikati ya Ifakara na sisi kuna ziwa. Mvua ya Kilombero inaweza kukaa nyuma ya ukuta wiki nyingi, kisha ikaja siku ambayo kwetu ni kiangazi. Ile hesabu ya wazee haifanyi kazi tena. Aliyetuondolea ana wajibu wa kutupa nyingine badala yake.

Kwa hiyo tumeomba mambo machache, na tumeyaomba kwa maandishi. Tangazo la kufungua milango litolewe siku kadhaa kabla. Liseme maji yatapanda kufikia wapi, na si mita za ujazo kwa sekunde, kwa sababu hakuna mama anayepima shamba lake kwa sekunde. Vipimo vichorwe mahali ambapo watu wanapita, na Daraja la Mkapa ni mahali pa kwanza pa kuanzia, ili redioni ikisemwa namba, mtu wa Muhoro na mtu wa Mbwera wote wajue maana yake. Tangazo lipite kwa wenyeviti wa vitongoji na vipaza sauti vya misikiti, maana mtandao wa simu kwenye delta mnaujua ulivyo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji. Kamati hizo zipo. Kinachokosekana ni vocha, boti na mtu wa kuziambia jambo kabla halijatokea.

Ofisi tuliyoipelekea barua ilitupokea vizuri, ikatupa chai, ikaandika kila tulichosema. Jibu la maandishi hatujapata. Tutarudi.

Kuhusu kuhamia sehemu za juu. Serikali inahimiza watu watoke mabondeni, na viwanja vimetengwa kwa baadhi ya waathirika. Kamati inaunga mkono. Nyumba haina sababu ya kuwa bondeni. Ila tusirudie kosa la Operesheni Rufiji, ambapo watu walipelekwa mlimani na mashamba yakabaki chini, mbali, bila njia wala maji ya kunywa huko juu. Matokeo yake kila msimu watu wakashuka kuishi kwenye madungu miezi kadhaa, watoto wakakosa shule, na miaka michache baadaye vijiji vya chini vikaota upya. Anayetaka watu wakae juu aanze na kisima, barabara na darasa. Watu watakwenda wenyewe.

Shamba

Bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Si jambo dogo, na sitaki chama hiki kiwe cha watu wasioshukuru. Fedha nyingi zimekwenda kwenye skimu za umwagiliaji, mbegu, programu ya kilimo ya vijana iitwayo BBT, na ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Nane Nane ya 2022 kule Mbeya. Mkulima wa Songwe au Njombe akisema ruzuku imemwokoa, mwaminini.

Lakini nani kati yetu hapa anaweka mbolea ya mfuko bondeni? Mbolea yetu ililetwa na mto. Maji yakipanda yaliacha tope, maji yakishuka tulipanda mlau kwenye unyevu uliobaki: mahindi, kunde, maboga, bila tone la mvua. Ndiyo sababu mkulima wa Rufiji aliweza kupoteza mpunga mwezi wa Aprili na bado akawa na mahindi mabichi mwezi wa Agosti. Mafuriko yalichukua kwa mkono mmoja na kulipa kwa mwingine. Tope hilo sasa linatuama nyuma ya ukuta. Kitaalamu si siri: kila bwawa duniani hukamata udongo. Miaka michache hatutaona tofauti. Baadaye tutaona, na siku hiyo tutaambiwa tununue mbolea ya ruzuku.

Hapo ndipo ninapoona sera mbili zinapishana bila kusalimiana. Ya nishati inataka maji yatoke bwawani sawasawa mwaka mzima, ili mitambo izunguke. Ya kilimo inataka chakula kiongezeke. Bonde hili linataka maji mengi kwa muda mfupi, kwa wakati wake, kisha yashuke. Katika nchi nyingine zenye mabwawa makubwa, wanaofungua milango na wakulima wa chini hukaa meza moja kupanga mafuriko ya makusudi, madogo, yanayojulikana tarehe. Tumeomba meza hiyo iwekwe, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iwepo kama msimamizi, kwa kuwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaipa bodi kazi ya kuwagawia maji watumiaji wote. Na sisi ni watumiaji, ingawa hatuna mita.

Wanachama wa delta ya kaskazini wana shida yao. Mkondo mkubwa wa mto ulipohamia upande huo miaka ya 1970, maji baridi yakaingia mikokoni na watu wakafungua mashamba ya mpunga ndani ya mikoko. Misitu hiyo ni hifadhi tangu enzi za Wajerumani, na Wakala wa Huduma za Misitu wanaisimamia kwa mujibu wa sheria. Kila mwaka kuna mvutano. Nitasema jambo ambalo halitanipa kura: shamba la mikokoni halidumu. Baada ya miaka kadhaa magugu na kaa wanalishinda, mwenye shamba anakata mikoko mingine. Kama maji baridi yatapungua na chumvi ikapanda, mashamba hayo yatakuwa ya kwanza kufa, na mikoko tuliyokata haitakuwepo kuzuia bahari. Kamati inapendekeza tusitetee ufunguzi mpya. Tutetee walioko ndani wapewe muda na mahali pa kwenda.

Bima ya kilimo: ushirika wa kampuni za bima ulianzishwa mwaka 2023 kwa ajili hiyo. Maofisa wake wakija tuwasikilize, na tuwaulize swali moja tu: shamba linalofurika kila baada ya miaka michache linakatiwa bima kwa shilingi ngapi? Na kila mmoja ajiandikishe kwenye daftari la wakulima. Bila namba ya daftari hupati ruzuku ya mbegu, na ikija fidia au msaada hujulikani kama ulikuwa na shamba.

Soko

Ufuta. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kuweka mazao ghalani, kupewa karatasi na kusubiri mnada, imetimiza karibu miaka 20 tangu sheria yake ya 2005, na msimu wa 2024 serikali iliusukuma mfumo huo mikoa mingi zaidi, kwa ufuta, mbaazi, choroko na dengu, minada ikifanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa. Chama hiki kimegawanyika juu yake na sitajifanya hakijagawanyika. Wanaoukubali wanaonyesha bei: mnunuzi akiandika bei bila kumwona mwenzake, kangomba, yule mlanguzi wa kununua kimagendo kwa bei ya chini, hana pa kukaa. Mnada wa kwanza wa korosho kule Mtwara mwezi wa Oktoba uliuza zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo, na walioshika korosho mwaka 2018, wakati wanunuzi walipogoma na jeshi likaja kubeba, wanajua tofauti. Wasioukubali wanaonyesha siku za kusubiri. Mkulima anapeleka ufuta ghalani Jumatatu, mtoto ana homa Jumanne, pesa inakuja mwezi ujao. Huyo ndiye anayeuza usiku kwa kangomba, kwa nusu bei, na kesho yake anaitwa mhujumu.

Maoni yangu: mfumo ubaki, malipo yaharakishwe. Na chama kianzishe mkopo mdogo wa dharura kwa dhamana ya stakabadhi yenyewe. Stakabadhi ni mali, ndiyo maana ya karatasi ile. Pendekezo hilo litapigiwa kura leo.

Mizani. Nimeshuhudia gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, likisukumwa na watu wawili juu ya mizani, kilemba cha nyavu kimeongezwa juu, na mnunuzi akilipa kama gunia la kilo 100. Sheria ya vipimo iko wazi, gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo. Lakini wakala hawezi kukaa kwenye kila gulio. Mwanachama anayeuza lumbesa anajiibia mwenyewe na kushusha bei ya jirani yake.

Ushuru wa mazao: tangu marekebisho ya mwaka 2017, mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru. Mama mwenye magunia matano ya mpunga anayekwenda Mbagala asilipe kwenye kizuizi cha ushuru. Katibu ana nakala ya maelezo hayo. Mchukue, mkunje, mweke kwenye leso.

Sasa mipaka. Hapa Rufiji mtu anaweza kudhani kufungwa kwa mpaka wa Namanga, wa kwenda Kenya, hakumhusu. Kunamhusu. Juni 2017 serikali yetu ilizuia mahindi kwenda nje, bei ikaporomoka Nyanda za Juu, na mahindi yale yakashuka mpaka masoko ya Dar tunayouza sisi. Mwaka huo huo India ilifunga milango kwa mbaazi, na waliokuwa wamezoea kuuza kwa elfu na zaidi walibembeleza mnunuzi kwa mia mbili. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ikalegeza ndani ya siku chache na kuweka masharti ya vyeti. Mwaka 2024 upepo ukageuka: Zambia ilikumbwa na ukame, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akapata soko la mahindi huko. Kote humo aliyeamua hakuwa mkulima, na mara nyingi aliamua mazao yakiwa tayari njiani.

Tunayoitaka kwa hiyo ni sera inayotangazwa kabla ya kupanda. Serikali ikiona nchi itakosa chakula na inataka kuzuia kuuza nje, iseme Septemba, si Juni. Na kwa upande wetu, sumukuvu si kisingizio cha Wakenya. Iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mahindi ya mlau yanavunwa ardhi ikiwa na unyevu, na tabia ya kuyarundika sakafuni bado tunayo. Turubai la kuanikia ni rahisi kuliko mgogoro wa mpaka.

Bahari

Siku za mwanzo za Mei, maji ya mto yakiwa bado mashambani, tukaambiwa kimbunga kinakuja kutoka baharini. Hidaya. Jumamosi tarehe 4 kilipiga Mafia na ukanda wetu, mvua na upepo, kisha kikafifia. Barabara ya kusini ilikatika kule Somanga na wenzetu wa Kilwa na Lindi wakabaki kisiwa kwa siku kadhaa. Pwani yetu haijazoea vimbunga. Wazee hutaja kile cha Lindi cha 1952. Vijana walikuwa wamesikia Kenneth mwaka 2019 na Jobo mwaka 2021, na vyote viwili vilitupita. Ndiyo hatari ya tahadhari inayopita salama: mara ya tatu mtu anasema, haya, tumeshazoea.

Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilifanya kazi yake na naisifu hadharani. Ilitangaza mapema, ikarudia kila saa chache, na safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zikasimamishwa. Tulipata kile hasa tulichokikosa mtoni mwezi mmoja kabla. Fananisheni wenyewe. Kimbunga, kitu ambacho hakuna binadamu mwenye ufunguo wake, tulikijua siku kadhaa kabla. Maji ya mto, yenye milango na wahandisi, yalitukuta shambani.

Hata hivyo taarifa ilipofika haikufika kwa wote. Walioko dago, yaani kambi za wavuvi kwenye mafungu ya mchanga na visiwa vya mdomoni mwa delta, hawana redio yenye betri wala simu yenye chaji. Baadhi ya wanachama walivuka maji kwa mashua kwenda kuwaita wenzao, wakati upepo umeshaanza. Walirudi wote, alhamdulillahi. Sitaki jambo hilo litegemee ushujaa wa mtu tena. Kamati inapendekeza kila dago liwe na redio ya jua na bendera, na mtu mmoja mwenye jukumu la kusikiliza utabiri wa saa mbili usiku. Mamlaka hutoa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Tukubaliane hapa kwamba kwenye tahadhari, chombo cha mwanachama hakitoki nje ya mdomo wa mto. Kwenye angalizo, nahodha aamue. Angalizo la kusi, upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, si mchezo kwa mtumbwi, lakini nikisema tusitoke siku zote za angalizo kati ya Juni na Septemba mtanicheka, na mtakuwa na haki.

Jaketi okozi. Nimewauliza vijana kwa nini hawavai, na majibu yao hayako kwenye mabango. Linabana bega wakati wa kuvuta wavu wa jarife. Linashika joto. Likilowa na chumvi na mafuta ya injini linanuka, na usiku linanasa kwenye nyavu. La bei rahisi, ukilirusha majini, linazama taratibu mbele ya macho yako. Kwa hiyo yanabebwa chini ya bodi kwa ajili ya ukaguzi. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli, wanakagua vyombo vidogo na wanataka vifaa hivyo viwepo, na sheria ni sahihi. Lakini sheria inayokaguliwa ufukweni tu inaokoa karatasi. Tunaomba mambo mawili: madukani yauzwe majaketi yaliyothibitishwa, kwa bei ambayo mvuvi wa kibarua anaiweza, na mwenye chombo ndiye anunue, si baharia. Tajiri anachukua fungu la chombo, fungu la injini na fungu la nyavu. Fungu la uhai nalo liwe lake.

Najua baadhi ya matajiri wamekaa mstari wa mbele hapa. Karibuni sana.

Vibali. Mvuvi analipia leseni ya uvuvi, leseni ya chombo, usajili, cheti cha ukaguzi, na akivuka wilaya anaanza maelezo upya. Tumeomba siku moja kwa msimu ambapo ofisi zote zinakuja ufukweni pamoja. Ofisi mbili zimekubali kwa mdomo.

Mikopo ya boti: serikali ilitoa boti za kisasa 160 kwa mkopo usio na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, Rais akazindua ugawaji Mwanza mwezi wa Januari 2024. Boti ya faiba yenye injini inampeleka mtu mbali na miamba iliyochoka. Pia inampeleka mbali na nchi kavu. Anayekopeshwa boti apewe na redio ya mawasiliano na mafunzo ya kuitumia ndani ya mkopo huo huo. Na bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi Septemba 2023, ikikamilika itavuta meli kubwa ukanda huu. Meli za kamba zilishasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kamba walipokwisha, kisha zikarudishwa. Wavuvi wadogo wakae kwenye mazungumzo ya mipaka ya maeneo kabla meli hazijafika, maana usiku meli haioni boya la chupa ya plastiki.

Baruti nitaitaja kwa ufupi: imepungua, haijaisha, na anayeipiga anajulikana kwa jina na kwa kitongoji. Vikundi vya BMU, vya wanakijiji wanaolinda uvuvi ufukweni, havina silaha zaidi ya majina hayo.

Yaliyobaki

Uanachama umeongezeka upande wa delta na umepungua mabondeni, kwa sababu waliopoteza mavuno hawakulipa ada. Kamati imewasamehe ada ya 2024 wote waliothibitishwa na serikali ya kijiji kuwa mashamba yao yalizama. Mkutano unaombwa uidhinishe.

Maazimio ya kupigiwa kura baada ya chakula ni manne: mkopo wa dharura kwa dhamana ya stakabadhi, chombo cha mwanachama kutotoka wakati wa tahadhari, mwenye chombo kununua majaketi kabla ya kusi ya mwaka huu, na kamati kurudi kwenye ofisi zinazohusika na bwawa kudai utaratibu wa maandishi wa kutangaza maji kabla ya masika. La nne linataka pia majina ya watu watatu wa kuongozana na mimi. Nitapenda mmoja awe mtu wa Muhoro, mmoja mvuvi, na wa tatu kijana mwenye kujua kusoma grafu, kwa sababu safari iliyopita tulionyeshwa grafu.

Nawasilisha. Mweka hazina, karibu.